Mafaili Hayalingani: Mjadala wa Bukavu baada ya Mfumo Kubadilishwa

Hoja iliyo mezani ni hii. Umepandisha mfumo wa kompyuta yako, au umeformati mashini na kuweka toleo jipya. Siku ya pili programu yako ya kulandanisha mafaili inakuambia kwamba maelfu ya mafaili ambayo hukuyagusa yamebadilika, na inaomba ruhusa ya kuyanakili yote upya, mengine kuyafuta. Kosa ni la nani? Na ukubali, au ukatae?

Nimewapa sauti watu watatu ambao Bukavu haikosi. Fundi hutengeneza mashini karibu na Nyawera. Mwalimu ni msaidizi wa chuo kikuu, mwenye Mac aliyoipigania. Mama Karani anaendesha sekreteriati, moja ya zile ofisi ndogo za kuchapa na kutoa fotokopi ambako mwanafunzi huacha TFC yake, kazi ya kumaliza masomo, kwenye fleshi na kurudi kesho kuidai. Majina yao hayana kazi hapa. Mimi naongoza mazungumzo, na nitaingilia nikiona mtu anakwepa.

FUNDI: Nianze mimi, maana mashini zikishaharibika ni kwangu zinakoletwa. Mashini inayofanya kazi usiiguse. Kupandisha mfumo ni gigabaiti kadhaa, na mega hapa tunazinunua kwa pesa ya chakula. Umeme ukikatika katikati, unabaki na kompyuta isiyo ya zamani wala mpya. Na ukimaliza salama, kazi iliyokuwa ikienda jana leo haiendi. Mwalimu ni shahidi.

MWALIMU: Shahidi ndiyo, lakini si wa upande wako. Kisa changu ni hiki. Nina script ndogo inayoita rsync, programu ya kunakili, kila usiku, ipeleke folda yangu ya kazi kwenye kompyuta ya Linux ofisini. Nilipohamia Sequoia na kuipanga upya kazi hiyo ya usiku, script ikagoma: imelikataa chaguo la `--iconv`. Nikaandika amri ile ile kwa mkono kwenye terminali, ikakubali. Usiku ikagoma tena.

FUNDI: Ulikuwa na rsync mbili.

MWALIMU: Mbili, na hazikuandikwa na watu wale wale. Rsync yenyewe ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, kule Australia. Tridgell akaieleza kanuni yake katika tasnifu ya udaktari ya 1999. Apple walikuwa wakiifunga ndani ya Mac, lakini walibaki na toleo 2.6.9 la mwaka 2006, kwa sababu kuanzia toleo la 3, la 2008, leseni iligeuka kuwa GPLv3, leseni ambayo Apple wamekuwa wakiikwepa. Miaka ikapita, dunia iko toleo la 3, sisi wa Mac tuko 2006. Kisha mwaka 2019 Kristaps Dzonsons akaandika programu nyingine kwa ajili ya OpenBSD, inayozungumza lugha ile ile ya rsync lakini kwa leseni huria zaidi: openrsync. Katika Sequoia, mfumo uliotoka Septemba 2024, Apple wakaanza kuiweka hiyo mahali pa ile ya zamani, na katika masasisho ya 2025 ya zamani ikaondoka kabisa. Amri bado inaitwa `rsync`. Ukiandika `rsync --version` inajibu kwamba ni openrsync, na chini yake inajieleza kuwa inaafikiana na rsync 2.6.9.

MAMA KARANI: Inajieleza kuwa inaafikiana na mtu aliyeondoka mwaka 2006. Haya.

MWALIMU: Ndiyo, Mama. Mimi nilikuwa nimejiwekea rsync ya toleo la 3 kwa Homebrew, kwa hiyo kwenye terminali ndiyo inayotangulia. Lakini kazi inayojiendesha usiku haisomi mipangilio yangu. Inatafuta katika `/usr/bin`, inaikuta ya Apple, na ya Apple haina `--iconv`. Dawa ilikuwa kuandika njia nzima ya programu ndani ya script. Mstari mmoja.

FUNDI: Mstari mmoja baada ya usiku ngapi bila nakala? Na hiyo ni bahati, kwa sababu ilikataa waziwazi. Ninayoiogopa mimi ni amri inayokubali huku ikifanya jambo lingine. Chukua `-E`. Katika rsync ya zamani ya Apple, `-E` ilibeba sifa za ziada za faili. Katika rsync ya toleo la 3, `-E` inashughulikia ruhusa ya kuendesha faili, na sifa za ziada zimehamia kwenye `-X`. Mtu anabadilisha programu, script haibadilishi, hakuna kosa linaloandikwa, na sifa zinabaki njiani. Hapo utajua lini?

Swali hilo ni zito kuliko malalamiko yake ya mega, na Mwalimu hakulijibu moja kwa moja. Aliruka kwenye usalama.

MWALIMU: Lakini kubaki na ya zamani nako si kinga. Januari 2025 watunzaji wa rsync walitoa toleo 3.4.0 kuziba mianya sita; mmoja ulimwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva. Na Windows 10, ambayo iko kwenye nusu ya mashini unazozitengeneza, Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Utawaambia wateja wasiguse hadi lini?

FUNDI: Hadi wawe na nakala mbili mkononi. Baadaye waguse watakavyo.

Sijui kama Fundi alitambua kwamba hapo alikuwa ameshabadilisha msimamo. Tumwachie. Mama Karani alikuwa ameshaweka mezani karatasi zilizobanwa kwa pini.

MAMA KARANI: Nyinyi mnagombania majina ya programu. Mimi natumia Windows na robocopy, ile inayokuja na Windows yenyewe. Kijana mmoja aliniandikia kwenye faili, nabonyeza tu. Baada ya mashini kuformatiwa, ilitaka kunakili kila kitu. Sikubonyeza. Robocopy ina chaguo la `/L`: inaorodhesha itakachofanya bila kukifanya. Nikatoa orodha hiyo kwenye karatasi, nikashika kalamu.

FUNDI: Umechapa orodha ya mafaili, Mama?

MAMA KARANI: Papa, mimi nina printa na ninauza karatasi. Kwenye skrini macho yanateleza. Kwenye karatasi niliona mambo mawili. Karibu kila mstari ulisema faili la upande mmoja ni jipya kuliko la upande wa pili. Na nilipofungua machache kuangalia, ukubwa ulikuwa ule ule, hadi baiti ya mwisho, na tarehe zilipishana kwa saa moja kamili. TFC ya mwaka juzi, saa moja. Barua ya mwenye nyumba, saa moja. Basi nikajua hakuna mtu aliyeandika chochote. Kilichosogea ni saa.

MWALIMU: Kinshasa.

MAMA KARANI: Kinshasa! Fundi wangu, si wewe, mwingine, alipoulizwa na Windows tuko wapi alichagua saa za mji mkuu.

Hili linastahili kukaa nalo, kwa sababu linatuhusu sisi wa mashariki kuliko watu wengi duniani. Congo ina saa mbili. Bukavu ikiwa saa nane mchana, Kinshasa ni saa saba. Katika orodha ya kanda za saa ambayo kompyuta nyingi huitumia, magharibi ni `Africa/Kinshasa` na mashariki, Kivu zote mbili zikiwemo, ni `Africa/Lubumbashi`. Kwenye Windows, saa yetu imejificha chini ya Harare na Pretoria, na mtu mwenye haraka haioni.

Sasa, diski ya ndani ya Windows, iliyopangwa kwa NTFS, huhifadhi muda wa faili kwa saa ya dunia, UTC, kisha hukuonyesha kwa saa ya mahali ulipo. Fleshi iliyopangwa kwa FAT32 haifanyi hivyo. Inaandika saa ya ukutani kama ilivyo, na haisemi ni ya ukuta wa mji gani. Ukibadilisha ukanda wa saa, mafaili ya diski ya ndani yanasogea yote pamoja, ya kwenye fleshi yanabaki palepale. Ndiyo saa moja ya Mama Karani.

FUNDI: Hiyo ina dawa na haihitaji karatasi. Robocopy ina `/DST`, inavumilia tofauti ya saa moja. Rsync ina `--modify-window`. Unaipa sekunde 3601, inanyamaza.

MAMA KARANI: Inanyamaza, ndiyo. Na mimi ndicho ninachokikataa. Sikiliza. Mwanafunzi ameniachia sura ya tatu kwenye fleshi, imeandikwa saa nne kamili asubuhi. Nainakili kwenye mashini, mkurugenzi wa TFC anapiga simu, tunasahihisha palepale kwenye mashini, tunahifadhi saa nne na dakika arobaini. Ya mashini ndiyo sahihi. Mchana mtu anaformati, anaweka Kinshasa. Ile ya mashini sasa inaonekana ni ya saa tatu na dakika arobaini. Ya fleshi bado inasema saa nne kamili. Nikiwa na programu ya "lililo jipya ndilo linashinda", sura ya zamani inaifunika iliyosahihishwa, na programu inaniambia kazi imefanikiwa. Wewe unataka niiambie isijali saa nzima? Sisi masahihisho yetu yote yako ndani ya saa hiyo!

MWALIMU: Na si lazima ulale na tatizo. Rsync ina `-c`: inaacha kuamini tarehe, inasoma mafaili yenyewe pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo. Ni polepole, hasa kwenye fleshi, lakini mara moja baada ya kupandisha mfumo ni bei ndogo.

FUNDI: Mara moja, sawa. Nakubali. Lakini zile sekunde mbili usinikatalie, Mama. FAT haihesabu sekunde moja moja, inaruka mbilimbili. Bila kuivumilia hiyo, kila ukichomeka fleshi utaambiwa mafaili yamebadilika. Robocopy ina `/FFT` kwa kazi hiyo, rsync `--modify-window=1`.

MAMA KARANI: Sekunde nakupa. Saa sikupi.

Niongeze jambo moja hapa, kwa kuwa nimeona likifanywa kwenye ofisi zaidi ya moja. Mtu anaona saa ya kompyuta iko nyuma kwa saa moja, na badala ya kubadilisha ukanda, anaisukuma saa kwa mkono. Ukutani sasa inaonekana sawa. Ndani, UTC imeenda mbele saa nzima, na kila faili linaloandikwa kuanzia hapo linabeba muda ambao bado haujafika. Siku akija fundi makini kurekebisha ukanda, ndipo mafaili hayo yanaonekana yametoka kesho. Usisukume saa. Badilisha ukanda.

MWALIMU: Naomba nirudi kwenye `--iconv`, maana nilisema iligoma bila kusema nilikuwa naihitaji kwa nini. Ni kwa sababu ya Kifaransa chetu. Mafaili yetu yanaitwa Procès-verbal, Mémoire, Synthèse. Herufi é ina njia mbili za kuhifadhiwa: kama herufi moja, U+00E9, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama ya mkazo, U+0301. Kwa jicho ni kitu kimoja. Diski za zamani za Mac, HFS+, zililazimisha njia ya pili. APFS, iliyokuja kwenye Mac mwaka 2017, inahifadhi jina kama ulivyolileta na inayachukulia maandishi yote mawili kuwa jina moja. Diski ya kawaida ya Linux haina huruma hiyo: baiti zikitofautiana, ni mafaili mawili. Kabla sijaiweka kwenye script `--iconv`, inayogeuza majina kutoka njia moja kwenda nyingine, ofisini nilikuta Procès-verbal mbili ndani ya folda moja, majina sawasawa, ukubwa sawasawa. Katibu akaniuliza afute ipi.

FUNDI: Ulimjibu nini?

MWALIMU: Asifute yoyote.

FUNDI: Na mimi ningemjibu: acheni aksenti. Andikeni Proces-verbal, bila mkazo, bila nafasi kati ya maneno, na tumemaliza. Mafundi wa nchi nzima watawashukuru.

MWALIMU: Na jina la mwanafunzi? Diploma ikiandikwa bila aksenti ambayo iko kwenye cheti cha kuzaliwa, ni yeye atakayehangaika kwenye maofisi. Hatuwezi kuwaambia watu wabadilishe majina kwa sababu diski mbili hazielewani.

MAMA KARANI: Ndani ya karatasi jina libaki na kila nukta yake. Juu ya folda niandikie nambari ya matrikule. Mimi nafanya hivyo tangu zamani na sijawahi kutafuta mtu mara mbili.

Hakuna aliyempinga. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kauli yenye faida kuliko zote zilizotolewa, na haihitaji rsync ya toleo lolote.

Mambo mawili yalipita haraka. Fundi alikumbusha kwamba FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ya harusi inayogoma kunakiliwa haina uhusiano wowote na mfumo mpya. Mwalimu akataja mafaili ya ajabu yanayoanza na nukta na kumalizika kwa herufi sita zisizo na maana: hayo ni mabaki ya rsync iliyokatwa katikati ya kunakili, na katika mji huu, ambako tumepakana na mabwawa ya Ruzizi na bado umeme hukatika bila kuaga, kila diski inayo.

Kilichobaki ni kufuta. Hapa sauti zilipanda.

FUNDI: Nakala isiyofuta si nakala, ni ghala la takataka. Mteja akifuta faili kwenye mashini, lifutwe na kwenye diski. Ndiyo maana kuna `--delete`, ndiyo maana robocopy ina `/MIR`. Diski za watu ni ndogo.

MAMA KARANI: Na siku folda ya chanzo ikionekana tupu?

FUNDI: Haiwezi kuonekana tupu.

MWALIMU: Inaweza. Mac tangu Mojave na Catalina zinazuia programu kusoma folda fulani hadi uipe ruhusa kwenye mipangilio, na baada ya kupandisha mfumo ruhusa hiyo huenda ukahitaji kuitoa upya. Hapo rsync ina adabu: ikishindwa kusoma, inaandika kwamba imekutana na kosa na inaacha kufuta. Lakini diski ya chanzo ikiwa haikuchomekwa vizuri, na folda yake ipo palepale ikiwa tupu, hakuna kosa la kusoma. Imesoma, imekuta hakuna kitu, inaifanya nakala nayo iwe hakuna kitu. Ni utii kamili.

MAMA KARANI: Umesikia, Papa?

FUNDI: Nimesikia. Lakini basi niambieni diski zijae hadi lini.

MAMA KARANI: Hadi nisome karatasi.

Nikiwa mwongozaji natakiwa kutoa uamuzi, na sitaugawa sawa kwa sawa ili kila mtu aende nyumbani ameridhika. Fundi anashinda hoja moja: programu mpya inayovaa jina la zamani ni hatari, na waliobadilisha rsync kwa openrsync wamewaachia watumiaji kazi ya kugundua wenyewe. Andika `rsync --version` na `type -a rsync` kabla ya kulaumu chochote, na ndani ya script taja njia nzima. Lakini anashindwa katika hoja yake kubwa. Kutokupandisha mfumo ni kuahirisha tu, na saa ya Kinshasa ingeingia kwenye mashini ya Mama Karani hata kama angewekewa tena Windows ile ile ya zamani.

Mwalimu yuko sahihi kuhusu vyanzo vyote, na bado aliacha script ifanye kazi siku nyingi bila kusoma ilichokuwa ikiandika. Ushindi nampa mwenye karatasi. Orodha ya tofauti hutolewa kwanza, kwa `/L` ukiwa na robocopy, kwa `-n -i` ukiwa na rsync. Rsync ikiandika `>f..t......` maana yake ni muda tu uliotofautiana. Ikiongeza `s` na ukubwa umetofautiana. Ikijaza alama za kujumlisha, faili ni geni kabisa upande wa pili. Na `*deleting` ni lile linalosubiri kufutwa. Orodha nzima ikiwa ni ya `t` peke yake, tafuta saa. Ikiwa ni jozi za faili geni na faili la kufutwa zenye jina lile lile, tafuta aksenti. Hadi hapo chaguo la kufuta liwe limezimwa kila unapoendesha bila `-n` au `/L`, na nakala ya kabla ya kupandisha mfumo iwe kwenye diski nyingine isiyochomekwa popote. Tangu Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia mjini na mali za watu zikaporwa, hakuna ofisi ya Bukavu inayohitaji kuelezwa kwa nini nakala moja haitoshi.

Na wewe unayesoma ukiwa na fleshi ya mtu mkononi: kwanza fungua mipangilio ya saa. Iseme Lubumbashi, au Harare na Pretoria. Ikisema Kinshasa au Afrika ya kati magharibi, irekebishe kabla hujaichomeka.